Koili Ndogo na Pete ya Mama

Baba Neema,

Nakusalimu kutoka huku Gonja kwa mama yako, nimeshiba makande na ukungu umetufunika. Ulinicheka niliponunua koili ndogo, ile sahani ya kunusia ardhi, ya mashine yetu ya kutafuta madini. Basi sikia! Ile kubwa uliyochagua wewe ililia kila nilipoipitisha, maana shamba la tangawizi limejaa mabaki ya chuma walichoyeyusha wazee wenu zamani. Nikafunga ndogo, inayonusa kipande kidogo tu kwa wakati mmoja. Ikakaa kimya muda mrefu, kisha ikalia penye shina moja la tangawizi. Kuchimba, pete ya ndoa ya Mama, iliyompotea mwaka aliofiwa na Baba! Vigelegele vyake vimeleta majirani wote. Anawaambia imepatikana kwa mashine ya mkwewe.

Wewe hajakutaja. Nakupenda hivyohivyo.

Mama Neema