Kijiko Kidogo cha Boga

4 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo huko? Unakula? Mimi mzima. Ila paka wako Sharubu siku ya pili hii hajaenda choo, tumbo gumu kama mpira. Fundi cherehani wa chini anasema nimpe kitunguu saumu. Nikamwambia fundi, wewe shona suruali, mimi nina mtoto daktari wa wanyama. Akaufyata. Nijibu upesi.

Mama yako

7 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini hujambo. Kitunguu saumu usithubutu, kwa paka ni sumu. Chemsha boga bila chumvi wala sukari, uliponde, umchanganyie kijiko kidogo kwenye chakula asubuhi na jioni. Bakuli la maji liweke mbali na chakula, atakunywa zaidi. Msugue tumbo polepole. Akitapika, au kesho akikosa tena choo, mpeleke kwa daktari, usingoje. Analala amejikunja au amejinyoosha? Anakuja ukimwita? Niandikie yote.

Na mama, mimi si daktari. Mimi nawashika tu wanyama wakichomwa sindano.

Mwanao

15 Machi

Daktari wangu,

Kapona! Barua yako nimemsomea fundi mara mbili, na muuza mkaa mara moja. Wote wameshangaa. Mimi nimepaka chumba rangi ya samawati, nimepaka mwenyewe, juu ya kiti. Ungeona.

Mama yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hukunijibu ya rangi, najua kazi nyingi. Jirani wa mlango wa pili amehama, huku juu nimebaki peke yangu. Wewe habari zako?

Mama yako

2 Mei

Shikamoo mama,

Mimi mzima. Kazi nyingi. Pole na jirani.

Mwanao

18 Mei

Mwanangu,

Sharubu amechubuka mguu wa mbele, paka shume wa mtaani kamkwaruza. Nifanyeje?

Mama yako

20 Mei

Shikamoo mama,

Pole zake. Kijiko kidogo cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, umwoshe kwa kitambaa safi. Spiriti usimpake. Mkate manyoya ya pembeni. Mguu anaukanyaga? Anaulamba sana? Ukivimba au ukitoa usaha, daktari. Nieleze kila siku unavyoonekana.

Mwanao

11 Julai

Daktari wangu,

Mguu umepona, sasa jicho. Linatoa machozi na halifunguki.

Mama yako

16 Julai

Shikamoo mama,

Jicho si la kutibia nyumbani. Wewe huna simu, basi nimempigia fundi ampeleke Sharubu kliniki leo leo. Akaniuliza Sharubu yupi. Anasema mlimzika Aprili, nyuma ya tangi la maji, na shimo alichimba yeye.

Mama, nilikuwa namtibu nani?

Mwanao

24 Julai

Mwanangu,

Ni kweli. Uzee tu, hakuteseka. Boga lako lilimsaidia, hilo sikudanganya.

Nilitaka kukwambia. Barua nilishaianza, ilikuwa mezani. Lakini nikikuandikia habari zangu unanijibu mstari mmoja, nikikuandikia za paka karatasi inajaa, unauliza mpaka anavyolala. Basi nikampa kidonda. Halafu jicho. Jicho nilizidisha.

Fundi usimlaumu, hakujua ninayokuandikia. Nimemwambia mwanangu ndiye aliyegundua jicho ni la uongo, kutoka mbali kote huko, bila hata kumwona mgonjwa. Amekubali wewe ni daktari.

Sasa humu ndani hakuna anayeumwa. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, sijui mtu huanzaje.

Mama yako