Karatasi ya Pili Niliyosema Inakuja

Baba,

Leo ni Jumamosi, mvua imekatika tangu asubuhi, na mimi nimekaa kwenye meza yako hapa Malindi yetu ya milimani. Shangazi yuko jikoni anachambua maharage. Ameniona nimetoa karatasi na hajauliza ninamwandikia nani. Miezi mitano imepita tangu tukuzike pembeni ya Mama, na nimepanda huku juu kwa sababu umenifuata Lushoto mpaka darasani, nami nimechoka kujifanya sikuoni.

Huwa unakuja kipindi cha tatu, ukungu ukiwa bado umeziba madirisha na kidato cha nne wameinamia madaftari. Unakaa dawati la nyuma karibu na mlango, mguu wa kushoto umeunyoosha vilevile ulivyokuwa ukiunyoosha mwezi wako wa mwisho. Unagonga peni nyekundu juu ya meza, taratibu, kama ulivyozoea kugonga ukimsubiri mtu afikiri. Juzi niliacha sentensi katikati nikasikiliza, na monita akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, tuendelee.

Nikupe habari za nyumbani. Mwanao Samweli amelichukua shamba la chini na kwenye viazi vyako amepanda makabichi, ungemfokea wiki nzima. Shangazi amehamia chumba cha mbele, anasema kina jua. Mchungaji amehamishiwa Lukozi. Redio yako ilikufa siku ile ile ya matanga, na hakuna aliyeipeleka kwa fundi. Na mimi nimeacha kufundisha hoja pinzani.

Ndiyo, Mwalimu. Binti yako wa kukuzaa, uliyemfundisha mwenyewe darasa la sita, anafundisha insha ya kushawishi yenye upande mmoja. Wanafunzi wangu wanaandika kwanza, pili, tatu, hivyo basi. Hakuna anayewapinga na wao hawamjibu mtu. Mwalimu wa taaluma aliniita akasema insha za kidato cha nne zimekuwa nyepesi, nikamjibu kwamba muda ni mfupi na mada ni nyingi. Nilimdanganya. Nikifika kwenye ile sehemu ya "wapo wanaosema kwamba", chaki inanivunjikia mkononi.

Unakumbuka insha yangu ya mbuzi? Nilitaka kuushawishi ulimwengu mzima kwamba mifugo ifungiwe zizini, isiachiwe kwenye miteremko ikala miche na kubomoa matuta. Kwenye aya ya wapinzani niliandika kwamba wanaoachia mbuzi ni wavivu na hawaipendi nchi yao, halafu nikawajibu kwa ukali mpaka nikajiona nimekuwa mbunge. Ukairudisha na maandishi mekundu pembeni: "Huyu uliyemjibu hayupo Malindi. Nimemtafuta." Darasa zima lilicheka. Nilikuchukia siku hiyo, na nyumbani nilikataa kula mpaka Mama akanitishia fimbo.

Jioni yake ukanipeleka kwa Mzee Yusufu, aliyekuwa na mbuzi wasumbufu kuliko wote kijijini. Ulinikalisha kwenye gogo ukanikataza kufungua mdomo. Mzee akaeleza kwamba mkewe amelala mwaka wa pili, kwamba majani ya kulisha zizini yako bondeni, na kwamba akienda kukata majani hakuna wa kumpa mgonjwa maji. Tukarudi nyumbani. Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa "mimi", kama vile ni yeye aliyeshika peni. Ukanirudisha kwake nimsomee. Akaitikia kwa kichwa akasema, "Ndiyo, hayo ndiyo maneno yangu. Hongea," akinishukuru kwa Kisambaa. Hapo ndipo ukaniruhusu kuanza karatasi ya pili.

Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Samweli alipotaka kuacha shule akaendeshe pikipiki, mimi nilipotaka kwenda kusoma ualimu mbali wakati Mama anaumwa, hukupayuka wala hukukataa. Ulisema tu, "Niandikie." Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mwenzio: unaandika anayoyasema yeye, kwa nguvu zake zote, bila kuchomeka dharau. Unampelekea. Akiona ni yenyewe anaweka alama ya vema chini. Akiona umempunguzia, unaandika upya. Bila alama ya vema hakuna karatasi ya pili. Majirani walitucheka, wakasema kwa Mwalimu Zakaria hata ugomvi unasahihishwa. Mimi nilijivunia. Mpaka mwaka huu nilikuwa najivunia.

Kisha kikaja kidonda cha kidole. Sukari ilikuwa imekutafuna kimya kimya, na ulipokubali kushuka hospitali wayo ulikuwa umeshakuwa mweusi. Daktari alisema mguu ukatwe chini ya goti na wiki isipite. Ukasema umesikia, ukavaa kofia yako, ukarudi Malindi. Samweli akabembeleza, Shangazi akalia, Mchungaji akaja kuomba nawe. Mimi nilikupigia simu wakati wa mapumziko, nimesimama nyuma ya maabara ili walimu wenzangu wasinisikie. Nikakwambia, "Baba, tafadhali." Ukanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niandikie."

Ningeweza kukata simu, nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda gari, nikaja kukushika mkono. Badala yake niliingia maktaba kutafuta karatasi yenye mistari. Hilo ndilo linalonikaba, Baba. Wewe ulikuwa unakufa na mimi nikawa natii utaratibu.

Niliandika hoja yako. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile na sidhani kama nitaandika tena. "Mimi, Zakaria, nimeishi miaka sabini na moja kwenye mteremko. Hapa kwetu hakuna mahali tambarare pa mtu wa mguu mmoja isipokuwa kitandani. Choo kiko chini ya nyumba, kanisa liko juu yake. Nilimwona Yusufu alivyoishia, miaka mitatu akisubiri mtu wa kumsogeza juani. Sitaki wanangu wapangiane zamu za kunibeba. Mkiniita mwoga mtakosea, kwa kuwa mwoga hukubali kukatwa chochote ili mradi asife. Nataka nilale karibu na mke wangu nikiwa mzima kama alivyoniacha." Nilipomaliza nilikuwa nalia. Na nikuambie ukweli, sehemu ya machozi ilikuwa ya furaha, kwa jinsi ilivyotoka vizuri.

Ilikuwa siku ya gulio. Mama Stella, jirani yako, alikuwa ameshusha karoti zake mjini, nikampa bahasha akuletee. Juu yake niliandika: karatasi ya pili inakuja.

Kesho yake akanirudishia picha kwenye simu. Alama ya vema, nyekundu, kubwa kuliko zote ulizowahi kunipa. Chini yake ulikuwa umeandika: "Umesema vizuri kuliko mimi. Sina la kuongeza." Nilijua hiyo ni sifa ya mwalimu kwa mwanafunzi. Ambacho sikujua ni kwamba ulimwita Mchungaji ukamsomea. Ukamsomea Shangazi, ukamsomea Samweli, ukawaambia, "Hata Naomi ameona." Na wao waliokuwa wakikubembeleza usiku na mchana wakanyamaza. Samweli alikuwa ameshapata gari la kukushusha Ijumaa. Akampigia dereva akamwambia basi, asije.

Mimi nilifika Jumamosi. Ulikuwa unawaka homa, unaniita kwa jina la Mama. Jumapili kengele ya kanisa ilipolia mara ya kwanza ulikuwa nasi, ilipolia mara ya pili hukuwepo.

Kwenye matanga Samweli alinisogelea, mimi nimeshika sufuria. Hakuwa na hasira. Alisema, "Dada, sisi tulidhani umekubaliana naye." Nikamjibu haraka kwamba hapana, karatasi ya pili ilikuwa tayari, ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nilikuwa nasubiri tu alama ya vema kama desturi yetu. Akasema, "Kumbe. Laiti ungeileta pamoja." Akaniamini. Shangazi pia akaniamini, na jioni akawaeleza wageni kwamba mtoto alikuwa na majibu, ila siku hazikutosha. Miezi mitano sasa watu wa nyumba hii wananionea huruma kwa karatasi ambayo hawajawahi kuomba kuiona.

Yupo mwanafunzi anaitwa Rehema, wa kidato cha nne, mama yake anachuma chai huko kwenye mashamba makubwa. Ni mbishi, ungempenda. Wiki iliyopita alinifuata ofisini na insha yake. Ameandika kwamba wasichana wanaopata ujauzito warudishwe darasani wakishajifungua, na bila mimi kumfundisha ameweka upande wa pili. Alikuwa ameandika maneno ya mama yake mzazi, kwa "mimi". Akaniambia, "Mwalimu, mpinzani wangu ananishinda. Nifanyeje?" Nikaisoma aya ile. Ilikuwa hai. Nikasikia peni ikigonga nyuma yangu, mchana kweupe, ofisi ina walimu watano.

Nikamwambia ampunguze nguvu. Ndivyo nilivyomwambia, Baba. Afute sentensi mbili zile kali, amwache mpinzani na zile nyepesi, halafu atamjibu bila shida. Rehema aliitazama karatasi yake, kisha akanitazama mimi. Akasema kwa adabu zote, "Lakini Mwalimu, huyo hatakuwa mama tena." Akachukua insha yake akaondoka. Peni ikaacha kugonga, na ule ukimya ukanitisha kuliko mgongo wake.

Sasa nakuambia wewe kwanza. Karatasi ya pili haikuwepo. Ndani ya mkoba kulikuwa na ukurasa wenye mistari na maneno mawili, "Lakini Baba", basi. Nilikaa nao jioni tatu. Kila nikitaka kukujibu nilijikuta nakubaliana nawe, kwa sababu nilikuandika nikiwa wewe mpaka nikasahau kurudi. Na bado nilituma ile ya kwanza. Nilijua sina jibu, nikaituma kwa sababu ilikuwa nzuri na nilitaka alama yako ya vema.

Jibu lilikuja wiki ya tatu baada ya mazishi, mimi naosha vyombo, bila hata kulitafuta. Sahani ikaniponyoka ikavunjika. Nikakaa chini pale pale sakafuni kwenye maji.

Ni kweli, Baba, Malindi haina tambarare. Ni kweli tungechoka. Samweli angenung'unika, mimi ningekuja Jumamosi moja nikaruka nyingine, na choo tungekihamisha kwa ugomvi. Hata Mzee Yusufu aliteseka, sitalipunguza hilo. Hayo yote nakuachia. Lakini wewe uliandika karatasi nzima juu ya mguu, au mimi niliandika kwa niaba yako, na hakuna mmoja wetu aliyeutaja mkono. Kila kitu ulichowahi kunipa ulinipa umekaa. Ulisahihisha umekaa. Ulinifundisha kusoma umekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, unamenya viazi. Kwa Mzee Yusufu ulinikalisha kwenye gogo na wewe ukakaa. Baba niliyekuwa namhitaji alikuwa wa kukaa, na huyo, daktari hakutaka kumkata hata ukucha. Zaidi ya hapo, nilitaka uendelee kunipinga. Sina mtu mwingine anayenipinga vizuri.

Sijui kama ungekubali. Pengine ungeandika pembeni kwamba jibu lina machozi mengi na hoja moja, ungekataa kukatwa, na tungekuzika vile vile. Hilo sitalijua kamwe, wala usinitokee kunijibu, maana nitakuwa nimejijibu mwenyewe kwa sauti yako. Ulistahili kulisikia ukiwa hai. Nisamehe, Baba. Nisamehe sana.

Jumatatu nitamwita Rehema nimwambie nilikosea, amrudishe mama yake mzima kwenye karatasi. Nitamwambia pia kwamba pengine mama atamshinda, na akishindwa aseme wazi kwamba ameshindwa, asimfiche mtu. Nakuahidi hilo.

La Samweli ni gumu zaidi, na ni la leo. Nitamwambia mkoba ulikuwa mtupu. Atasema nilikuacha ufe kwa ajili ya mwandiko mzuri, na kwamba yeye alilizuia gari kwa sababu ya kunitegemea mimi, na kwamba nikamwacha miezi mitano ajilaumu kwa kuharakisha kulizuia. Atasema na mengine ambayo sijayafikiria, kwa kuwa mimi si yeye. Nitamwacha aseme yote. Sitamkatiza, wala sitajitetea.

Kaa salama na Mama. Sasa hivi nasikia Samweli anakung'uta udongo wa buti zake nje ya mlango wa uani, na Shangazi anamwambia, "Dada yako amekuja."

Mwanao,
Naomi