Kamba Yenye Uzi Mwekundu

Jumanne, 31 Julai 1990

Baba Zena,

Kanzu ya harusi ya Idi, mwana wa kaka yako Juma, imebaki vifungo na pasi. Nimekaa dirishani tangu asubuhi, macho yanauma. Nilipotoka eda nilizikuta kamba zako zote za kupimia kwenye msumari kama ulivyoziacha. Kila mteja kamba yake: fundo la bega, fundo la mkono, fundo la urefu. Jina hakuna hata moja. Wewe ulizijua kwa kuzishika tu. Sisi tuliobaki tufanyeje? Miaka kumi na tisa nilikuambia uandike. Ulicheka.

Nimeshona kwa ile yenye uzi mwekundu. Ndiyo pekee yenye alama, na Idi ndiye wa mwisho uliyempima kabla hujaugua. Nadhani ni yake.

Jumatano, 1 Agosti

Shemeji Juma amekuja tena kuitazama cherehani. Anaizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Kaka yako anasema ni ya baba yenu, na mwanamke hashoni kanzu, anashona foronya. Binamu yenu wa Gitarama anaitaka. Nimekubaliana na shemeji hivi: kanzu ya mwanawe Idi ikimkaa sawa siku ya ndoa, cherehani itabaki kwangu hapa Biryogo. Isipokaa, ataipakia garini wiki ijayo.

Nilimwomba amwite Idi aje kutoka Butare nimpime mwenyewe. Akasema, "Kipimo kiko, shemeji. Marehemu alipima. Unataka kupima nini tena?"

Nimechoka naye. Nimeandika. Basi.

Ijumaa, 3 Agosti

Butare, nyumba ya wakwe wa Idi. Tumefika magharibi. Safari ya saa mbili na nusu imekula siku nzima.

Shemeji alisema tunaondoka saa kumi na mbili. Alikuja saa tatu, amevaa tayari kanzu yake ya harusi, eti isikunjike mkobani. Kisha tukaenda Kibagabaga kumchukua shangazi yenu Mariamu. Kibagabaga na Butare ni kama kisogo na uso. Shangazi hakuwa tayari. Alikuwa anatafuta furushi lake. Likapatikana, akalipakata, hakutaka liwekwe nyuma na mizigo. Kila tuliposimama alilifungua kidogo, akachungulia, akalifunga.

Kamonyi gari lilichemka. Shemeji akalala chini yake na kanzu yake ile ile, akatoka na oili kifuani hadi magotini. Gitarama tukasimama kwa sala ya Ijumaa, hiyo ni haki. Kisha kwa binamu, kwa chai. Haikuwa haki. Binamu akaniuliza kama mkanda wa cherehani bado ni mzima. Nikamwambia chai yake ni tamu. Ruhango tukasimama tena, kununua mihogo. Nani anapeleka mihogo Butare?

Baada ya Nyanza gari lilipanda kilima likiyumba. Shangazi akasema, "Juma, hii gari yako iko inatembea ama iko inasali? Kila kilima inainama."

"Iko inapumua, shangazi."

"Mimi niko na miaka sabini na sipumui hivyo."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Januari ulipofariki. Kisha nikaona haya, nikatazama nje.

Jumamosi, 4 Agosti

Idi hakuonekana mchana kutwa. Alikwenda kuazima mikeka na masufuria. Nilimngoja na kanzu mapajani, nimeikunja na kuikunjua mpaka shangazi akaninyang'anya.

Amerudi baada ya magharibi, akaivaa. Mikono inaishia katikati ya kiwiko na kiganja. Chini inaishia kwenye ugoko. Tumboni mna nafasi ya mtu mwingine. Idi ni mrefu kama mkaratusi. Nilijua ni mrefu. Nilipokuwa nikikata niliona kipimo ni kifupi, nikajiambia wewe huwezi kukosea.

"Si kitu, mama mdogo," akasema. "Nitatembea nimeinama."

Shemeji hakupaza sauti. Alisema tu, "Umeona." Afadhali angefoka.

Nikaichukua kamba mkononi. Hapo ndipo nilipokumbuka. Uzi mwekundu niliufunga mimi. Mwaka aliozaliwa Zena. Ulilala mkekani baada ya sala ya Ijumaa, nikakupima polepole usiamke, nikushonee shati la sikukuu bila wewe kujua. Niliufunga uzi nisichanganye. Wewe ukaiona kamba, ukaitundika na nyingine, hukuutoa uzi wala hukusema neno.

Miezi yote hii nimekulaumu. Kanzu niliyoshona ni yako.

Jumapili, 5 Agosti

Baada ya alfajiri nilimpima Idi kwa kamba mpya. Kitambaa hakuna. Duka limefungwa, mwenye duka amesafiri. Nilikaa kwenye kizingiti. Nilishakata tamaa, sitaki kusema uongo.

Shangazi akaja na furushi. Akalifungua lote. Kitambaa cheupe, kizito, kimekunjwa vizuri, kinanuka karafuu. Ni sanda yake. Ameiweka miaka minane, na husafiri nayo, asije akafia kwa watu akawasumbua.

"Kata."

Nikakataa.

"Kata, mwanangu. Mimi sina haraka nayo. Utanipa nyingine."

Jirani alituazima cherehani ya mkono. Shangazi alizungusha, mimi nikaongoza kitambaa. Sindano moja imevunjika. Vifungo nimemalizia adhuhuri imeshapita. Alasiri Idi amevaa: imeshuka hadi kifundo cha mguu, bega limetulia. Hakuna aliyesema neno juu ya kanzu. Kwa kanzu, hiyo ndiyo sifa.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Oili ya Kamonyi haikutoka. Baba wa bwana harusi, hana nguo. Nikampa ile ya kwanza, ya kipimo chako. Imemkaa bila kuguswa.

Wakati wa ndoa, alipokaa mkekani mbele ya wakwe, nilimwona kwa nyuma. Lile bega la kushoto lililoshuka kidogo, kama lako. Nikaenda jikoni nikapeta mchele uliokwisha kupetwa.

Jumanne, 7 Agosti

Kigali. Saa tatu tu njiani. Gitarama hakusimama. Binamu alikuwa barabarani, akapunga mkono, shemeji akapiga honi na kupita. Juu ya cherehani hakusema lolote. Si aseme? Mtu mzima anashindwa na sentensi moja. Shangazi amelala njia nzima, mikono mitupu mapajani.

Alhamisi, 9 Agosti

Shemeji amekuja asubuhi na vitambaa viwili vyeupe. Kimoja ni cha shangazi, nikikunje na karafuu nimpelekee. Cha pili alikiweka juu ya cherehani. Akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono.

"Pima."

Ningeweza kumwambia kipimo chake ninacho. Nilimpima. Ni kama wewe, isipokuwa shingo, imepungua kidole kimoja. Ile kanzu hajairudisha. Sikuuliza.

Nimefunga kamba yake na kijikaratasi chenye jina. Ya Idi pia. Zilizobaki nitawauliza wenyewe watakapokuja, mmoja mmoja. Yako nimeirudisha msumarini, mbele ya zote. Haina karatasi.

Mkanda unalia. Kesho nitautia mafuta.

Baba Zena, mimi nimekusahau mara moja tu, kwa ule uzi mwekundu, na hiyo umeiona. Nawe huko uliko, nikumbuke.