Mama Ilunga, Banasema Ni Weye Ulifunga Tumbo

Mama Ilunga wangu,

Huko ng'ambo ya ziwa tulikokuzika, salamu. Mimi niko Mantapala, kambi ya wakimbizi huku Zambia, nimezeeka mwili mzima isipokuwa kinywa.

Nakuandikia kwa sababu umeshitakiwa. Chantal, bibi ya mutoto wetu Ilunga, hapati mimba. Tangu tukimbie, hata miezi yake inakuja ikipenda. Dada zangu banasema: "Ni marehemu alimufunga. Mulimuzika mbio mbio, bila matanga. Uende kwa kaburi umuombe, ao tumurudishe ule mwanamuke kwabo." Kwabo wapi? Kijiji kiliungua. Na mimi nivuke namna gani, na bunduki bado zinalia kule? Chantal anakaa jikoni kama samaki ndani ya mutego. Kila anayepita anasalimia tumbo yake kwanza.

Unakumbuka vita ile ya zamani, tukilala porini? Miezi yako ilikatika, nikakuchokoza: "Tumbo yako imetoroka kama askari asiyelipwa." Ukanijibu: "Nyamaza, weye! Kuku akiogopa mwewe, anataga?" Kisha tukapata shamba, ukaanza kulala usingizi, Ilunga akaja.

Alore, juzi nilimusindikiza Chantal kliniki. Muuguzi, binti Mubemba, mwenyeji wa huku, akatueleza kwa Kiswahili chake cha sokoni: woga ukikaa sana, mwili unamwaga homoni zake. Zinafika mpaka kwenye ovari, na chembe zinazolea yai hazisikii tena vizuri ujumbe wa kuliivisha. Ila mambo mengine pia yanaweza kuzuia, akasema, kwa hiyo atapima. Na Ilunga apimwe. Hata Ilunga! Nilicheka mpaka nikafukuzwa nje.

Dada zangu wakarudi Jumapili. Nikawaambia: "Serikali inafunga ziwa ili samaki watage kwa amani. Mimi nafunga nyumba hii. Mutu atakayeuliza tumbo ya Chantal, nakamata nyavu yake."

"Yaya, kaka yetu, hauna haya!" mukubwa wao akalia.

"Haya ilibaki ng'ambo pamoja na sufuria."

Waliondoka, lakini nawajua, watarudi. Mimba kama itakuja, sijui. Jioni Chantal alinipa bukari, ule ugali wetu, sahani imejaa kupita ya Ilunga.

Donc, mama, usiniite bado. Najua uko peke yako, na mimi vilevile. Lakini nikifa leo, kesho asubuhi dada zangu watamufungia Chantal mizigo. Niache kwanza hapa mulangoni.

Ni mimi, bwana yako, ule musumbufu.