Upande wa Dunstan

Kota za Zamani,
Hale, Korogwe.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa kaka Eliasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Joyceline na Denis, ambaye nasikia ameshaota meno ya mbele. Kifua cha wifi kimetulia? Baridi ya Sumbawanga si ya mchezo, mwambie asione haya kuvaa masweta mawili.

Sisi huku hatujambo. Nyumbani tumebaki wawili, mama na mimi, kama ulivyotuacha. Presha yake imeshuka, ila chumvi tunaigombania kila siku. Masika yamekaribia na mto umeanza kubadilika rangi. Mahindi ya Mjomba Mdoe kule Mkata yamefika magotini, na safari hii nguruwe bado hawajayaonja.

Ningekupigia simu, lakini katika nyumba hii mama anasikia kila kitu, na jambo lenyewe linamhusu. Ndiyo maana nimeandika.

Unaikumbuka kompyuta ya Dunstan. Tangu mto umchukue ndugu yetu alipokwenda kutazama pampu ya bustani, tukapata pampu na kandambili bila yeye, ilikaa kabatini imefungwa kwenye khanga ya mama. Mwaka huu nimeanza kujifunza kuchora ramani za mashamba pale Korogwe mjini, na programu yao haikubali kwenye mfumo ule wa zamani unaoendesha kompyuta hiyo. Kununua kompyuta nyingine ni ndoto. Nikaona niweke mfumo wa pili humo humo.

Mama alikubali kwa sharti moja: cha Dunstan kisifutwe hata kimoja. Picha zake, nyimbo za kwaya, hata yale mahesabu ya nyanya aliyoyaandika hovyo hovyo. Basi nikakaa kuigawa diski kama mtu anayegawa shamba lenye mwenyewe. Yote ni GB mia tano, na vitu vya Dunstan havifiki mia. Nikasema nimwachie mia mbili ajinyooshe, mimi nichukue zilizobaki, kidogo za mfumo na nyingi za ramani, maana ramani zinakula nafasi kuliko wageni wa msibani.

Nikausogeza mpaka. Ukakataa. Kila nikijaribu kumpunguzia chini ya mia mbili na hamsini, kompyuta inasema kuna kitu katikati kisichoweza kuhamishwa. Ni kitu gani, haisemi. Mama alikuwa pembeni anachambua mchicha, hakuinua hata kichwa. Alisema tu, "Usimsogeze. Ishia hapo ulipofika." Nikaishia hapo. Nusu kwa nusu, yeye mbele, mimi nyuma, kama ilivyo haki ya mkubwa.

Sasa ukiiwasha, kabla ya lolote kinatokea kioo cheusi chenye majina mawili, kinakuuliza unaingia kwa nani. Ukikaa kimya kinajichagulia. Niliweka upande wangu uwe wa kwanza. Lakini zaidi ya mara moja nimetoka jikoni nikakuta imeingia kwa Dunstan, ile picha yake ya kipaimara na jina lake chini, inasubiri neno la siri. Unanijua, mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nikasema nimebonyeza vibaya.

Lililonitoa jasho ni la saa. Upande wa Dunstan saa iko nyuma kwa saa tatu. Nairekebisha, naingia kwangu, nikirudi kwake iko nyuma vile vile. Nikaipeleka kwa Mustapha, fundi wa pale stendi ya Korogwe. Akacheka sana. Kumbe ndani ya kompyuta kuna saa moja tu. Mfumo wangu unaiweka kwa majira ya kimataifa, halafu unaongeza saa tatu za kwetu. Wa Dunstan unaisoma kama ilivyo, hauongezi kitu, na kwa kuwa upande ule sijauunganisha na mtandao, hauna wa kuusahihisha. Dawa yake ni mstari mmoja tu wa maandishi, akaniandikia kwenye karatasi.

Nikarudi nimefurahi, nikamweleza mama kwa kirefu. Hapo ndipo nilipoharibu. Mambo ya majira hakuyasikia. Aliuliza kwa Dunstan sasa ni saa ngapi. Ilikuwa saa sita mchana, nikamjibu kwake ni saa tatu asubuhi. Mama akaweka ungo chini.

"Basi bado hajatoka," akasema.

Kaka, unakumbuka kama ninavyokumbuka mimi. Dunstan alitoka saa nne.

Tangu hapo, kila saa sita mama anakuja na kigoda chake, ananiambia niingie upande wa Dunstan. Anaitazama ile picha na kuisemesha Kizigua, taratibu, kama anasema na mtu anayekunywa chai. Anamwambia pampu ikae, mto umejaa. Ikifika saa saba, ambayo kwake ni saa nne, anainuka na kufunga mlango wa uani, ule unaotokea njia ya mtoni, anausimamia mpaka aridhike. Kisha anakwenda kupakua. Anapakua sahani tatu.

Na sasa ameukataa mgomba. Tulishapanga uje Pasaka, Mjomba Mdoe alete mgomba kutoka Mkata, tuuvike sanda tuuzike badala ya mwili, kama wazee walivyowafanyia wote walioliwa na mto, Dunstan apumzike na mama naye apumzike. Mahali alishapachagua mwenyewe, ubavuni mwa baba. Juzi akasema hawezi kumzika mtu ambaye yumo ndani.

Alhamisi asubuhi, mama akiwa kwenye sala ya jumuiya, nikaamua kuyamaliza. Niliuandika ule mstari wa Mustapha neno kwa neno, ikabaki kubonyeza tu. Saa zingelingana, na kwa Dunstan ingekuwa saa tano kama kwa watu wote. Ingekuwa ameshatoka. Nilishindwa, kaka. Nililia, nikaufuta.

Jana mama aliamka miguu imevimba, hakuweza kusimama. Akaniomba nimfungie mlango mimi. Nilikwenda nikijicheka mwenyewe. Nikausukuma, nikatia komeo. Mkono ungali kwenye komeo, nikahisi mtu amesimama nyuma yangu, upande wa ndani, karibu kabisa, kama anayesubiri apishwe. Palinuka petroli, kama mikono yake ilivyokuwa ikinuka siku za pampu. Sikugeuka. Kumpisha pia sikumpisha.

Wewe unayekaa Sumbawanga usinicheke, haya yametokea Hale mchana kweupe. Usingoje Pasaka, njoo. Karatasi ya Mustapha nimeiweka ndani ya Biblia. Ukiona inafaa, ubonyeze wewe uliye mkubwa wetu, mama akiona. Mimi peke yangu siwezi kumfungulia.

Msalimie sana wifi, na Denis umpe busu la shangazi. Mjomba Mdoe anakusalimu. Mama ameniagiza niandike kwamba nyumbani wote watatu tunakusalimu, nami nimeandika kama alivyosema.

Mungu akufikishe salama, awalinde walio njiani na waliomo ndani.

Mdogo wako akupendaye,
Getruda