Mashine Isiyo na Dereva

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua skana! Bei ya kutupa, kwenye lile duka la vitu kuukuu nyuma ya kazini. Nilitoka kwenda kunywa chai tu — nikarudi na mashine kwapani, nzito kama tofali, rangi ya maziwa yaliyolala. Wenzangu wa duka la dawa wamecheka hawana mbavu. Mteja mmoja akauliza kama ni mizani ya watoto wachanga.

Sababu ni mama mkwe. Tangu ahamie kwetu tunaishi kwa adabu mno. "Shikamoo mama." "Marahaba, mkwe wangu." Basi, mpaka chakula cha jioni. Sasa juzi amepigiwa simu na mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi ni kiongozi wa bendi kubwa mji mwingine. Wanataka kupiga nyimbo zake jukwaani! Nyimbo alizotunga enzi zile akifundisha bendi ya shule. Zote kwa penseli. Nimezipiga picha kwa simu: giza, zimepinda, nota hazionekani. Na penseli yenyewe inazidi kufifia. Kuandika upya hataki. "Nimeshaandika mara moja," kasema, kageukia dirishani.

Kesho naiunganisha na laptopu, nizinakili nyimbo tuzitume. Dakika mbili tu.

Jumatano, 5 Machi

Dakika mbili, wapi! Waya wa skana una kichwa kipana, laptopu yetu mpya ina vitundu vyembamba kama vya sindano. Nimetafuta kiunganishi mtaa mzima. Nimechomeka. Taa ya kijani ikawaka — nikapiga kigelegele! Mapema mno. Kompyuta ikaandika: kifaa hakitambuliki, hakina dereva.

Nikamweleza mama mkwe. Kijiko kikabaki hewani.

"Haina dereva?"

"Haina, mama."

"Inakaa mezani, inataka dereva wa nini? Inakwenda wapi?"

Nikaanza kumweleza kwamba ni programu, kwamba kompyuta na mashine haziongei lugha moja mpaka... nikashindwa. Kicheko kikanishika. Naye akacheka, mabega yakatikisika, chai ikamwagika. Sijui kama tumewahi kucheka tukiwa wawili tu.

Ijumaa, 7 Machi

Dereva yupo! Ila ni wa zamani. Waliomtengeneza walishaachana naye, kompyuta mpya zinamfukuza mlangoni. Nimepakua. Imekataa. Nimezima, nimewasha, nimebembeleza. Imekataa.

Mume wangu kapita nyuma ya kiti, kasema kwa upole si tununue tu mpya. Nimemwambia akapike.

Kapika. Sufuria bado limelowekwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia wifi yangu. Mtaalamu wa kompyuta wa ukoo mzima ni yeye, ila yuko mbali, ng'ambo huko. Nimemwonyesha skana kwenye video. Kacheka mpaka tukabaki tunatazama dari ya kwake.

"Wifi, hiyo ni ya makumbusho! Itupe. Nitawatumia mpya."

Ifike lini? Mwisho wa mwezi. Na onyesho litakuwa limeshapita.

Mama mkwe kaingiza kichwa mbele ya kamera. "Mimi nami ni wa zamani, binti yangu. Utanitupa lini?"

Halafu tukasikia wifi anabonyeza, anabonyeza, anaguna peke yake.

Kumbe kuna watu duniani hawajazikatia tamaa mashine kuukuu! Wametengeneza programu moja inayojua lugha za skana za kila aina, za leo na za enzi hizo. Haimngoji dereva yeyote, yenyewe ndiyo inashika usukani. Wifi kaniongoza: fungua hapa, kubali pale, ngoja, usiguse! Na jina la skana yetu likatokea kwenye kioo cha laptopu. Jina kamili na namba yake! Niliruka, kiti kikaanguka.

"Imepata dereva?" mama mkwe kauliza.

"Kapanda, mama!"

Mume wangu kaja mbio kuuliza kelele za nini, au waifai imekatika. Nikamwambia ya waifai sijui, ila wifi ninaye, na yuko hewani.

Nikabonyeza. KRRRRRR! Kama mtu anasaga kokoto. Taa ya ndani imesimama palepale, haisogei. Nikachomoa waya. Nimeivunja?

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaamka na amri moja: nichomeke tena. Nikasema naogopa.

"Chomeka, nisikie."

Kainama, sikio juu ya kioo, macho kafumba. KRRRRR.

"Hii si mbovu. Inavuta, kitu kinaizuia." Kisha akanieleza habari za tromboni, ile tarumbeta ndefu ya kuvuta. Nilijua alipiga tromboni, sikujua zaidi ya hapo. Ule mrija wa kuvuta una kufuli: ukibeba chombo unaufunga, usichomoke ukakuangukia mguuni. Mwanafunzi mgeni anasahau kufungua, anavuta mpaka jasho linamtoka, anakuja kulalamika kwamba kapewa chombo kibovu. "Sasa geuza hicho kidude chako."

Nikakigeuza. Chini, pembeni, kiswichi kidogo — na kando yake picha ya kufuli! Aliyekuwa nayo aliifunga isafirishwe, hakuna aliyekumbuka kuifungua. Nikasukuma kwa ukucha. Tik.

Taa ikatembea! Taratibu, toka mwanzo hadi mwisho wa kioo, na kwa kweli inaimba!

"Inatoa nota ya sol," mama mkwe kasema. Kasikiliza tena. "Sol imelegea kidogo, lakini sol."

Nikamkumbatia kabla sijafikiri. Yeye naye hakujitoa. Alinukia dawa ya mgongo niliyomletea mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Zamu yangu ni ya jioni, kwa hiyo asubuhi yote ni yetu.

Ukurasa wa kwanza ukatoka safi, nota zote nyeusi ti! Ila balaa. Nota zinakaa kwenye mistari mitano, sisi tumepata wa sita. Mweusi, umekata ukurasa toka huku hadi kule. Mama mkwe kavaa miwani. "Huu sikuutunga mimi."

Nikafuta kioo kwa spiriti. Upo. Nikafuta tena. Upo! Wifi akaandika kwamba ndani, chini ya fremu, kuna kipande cheupe ambacho mashine inajipimia mwanga kabla haijaanza safari. Vumbi likikaa hapo, kila ukurasa unapata mstari. Basi nikang'oa skrubu, mama mkwe kashika kioo kama mtoto wa siku saba, nikapitisha kijiti cha pamba. Punje moja ya uchafu! Moja tu, imetusumbua kiasi hicho. Mstari wa sita ukafa.

Kisha raha tupu. Yeye anapanga karatasi, mimi nafunika, tunangoja, tunafunua. Nikaongeza ubora wa picha, taa ikapunguza mwendo, na sauti ikashuka. "Re!" mama mkwe kapiga kelele. Ikabidi nijaribu kila kiwango ili asikie inatoa nini. Saa nzima tumechezea hilo, watu wazima wawili.

Na anaimba! Kila ukurasa unapopita anauimba, sauti nzito, mkono unapiga hewani. Nimeishi na mwanawe miaka yote hii, sikujua nyumba yetu inaweza kuwa na sauti hiyo. Nilipotoka kwenda kazini hakuniita mkwe. Kasema, "Fundi, usichelewe kurudi."

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa mezani, skana mbele yangu, kifuniko wazi.

Nyimbo zote zimeshatumwa, bado ukurasa mmoja. Wa mwisho wa wimbo wa mwisho. Kiongozi wa bendi yuko kwenye simu, tumeweka spika. Bendi nzima imekaa mazoezini inautaka huo ukurasa. Wanapasha vyombo moto, tarumbeta moja inarudiarudia kipande kilekile.

Nikanyoosha mkono niupokee. Mama mkwe hakuuachia.

"Ngoja."

Tangu asubuhi alikuwa anazitazama kurasa zake kwenye laptopu, zimekuzwa, kila nota kama tunda. Kumbe alikuwa anazikagua.

"Huu mwisho ni wa mtu mwenye haraka," kasema. Kafungua droo, katoa penseli.

Mume wangu kashika kichwa. "Mama, watu wanangoja!"

"Wewe ndiye uliyenikatisha siku ile nikiumalizia, unalilia maziwa. Leo kaa kimya."

Kwenye simu bendi imeangua kicheko. Kiongozi naye anacheka. "Mwalimu," kasema, "andika tu. Hatwendi popote."

Sasa anafuta. Anaandika. Anaimba kidogo, anatikisa kichwa, anafuta tena. Vumbi la kifutio limejaa mezani, nalipuliza lisiingie kwenye kioo. Mume wangu kaenda kuweka chai bila kuambiwa. Tarumbeta kule imenyamaza, nadhani wote wanamsikiliza.

Nimeuliza, "Tayari, mama?"

"Bado."

"Ni nota chache tu zimebaki?"

Hakuinua macho. Kanyoosha mkono upande wangu, kiganja wazi.

"Nipe karatasi nyingine."

Nimempa bunda zima.