Mama, Uso Ulionipa

Mama yangu mpenzi,

Kaa vizuri kwanza, maana najua utakavyopiga mkono kifuani. Mtoto wako anacheza karata. Wewe uliyeziita Biblia ya shetani, wewe uliyemfukuza baba uani pamoja na wenzake Jumapili nzima, umezaa mcheza poka. Na leo nimekuandikia kukushukuru, kwa sababu ninachokijua mezani nimekitoa kwako. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi ulinifunza wewe, ulimwengu ndio unaolipa ada.

Acha nikueleze mchezo wenyewe. Kila mtu anapewa karata mbili, anazificha. Pesa inawekwa katikati. Hata mwenye karata mbovu anaweza kushinda, mradi wengine wamwogope na kutupa zao. Kwa hiyo kazi kubwa ni kukausha uso. Na mimi uso mkavu niliupata wapi, kama si kwenye barabara ya Kalengera?

Unakumbuka ule mwaka wa waasi, tuliporudi Goma kutoka huko juu ya lori la maharage? Ulikuwa umeficha kichwa cha cherahani ndani ya gunia, kwa sababu maisha yetu yote yalikuwa pale, na askari wa barieri, waliofunga barabara kupekua magari, walichukua kila walichokipenda. Ukanikalisha juu ya gunia hilohilo. Chuma kilinikata paja njia nzima. Ukaninong'oneza: "Ukiogopa, angalia sura yangu, ufanye vile iko." Kwenye barieri ya Kibumba askari mmoja akapanda juu ya lori, akaligusa gunia letu kwa mguu.

"Mama, uko na nini humu?"

"Maharagi, muzee."

"Na ingine?"

"Na ingine maharagi."

Watu wa lori walicheka, hata yeye alicheka. Wewe hukucheka. Uso wako ulikuwa umetulia kama maji ndani ya ndoo, nami nikautazama nikauvaa. Askari akatuangalia mmoja baada ya mwingine, halafu akashuka. Tulipofika nyumbani ndipo nilipoona mikono yako inatetemeka ukifungua kamba ya gunia.

Asante kwa uso ule. Ulitupitisha. Cherahani ikafika Birere, mtaani kwetu, ukaiweka kibandani, ukashona sare za watoto wa mtaa mzima na yangu ikiwemo.

Sasa mimi nafundisha darasa la kwanza. Watoto wananiita Madame. Mshahara, hasa tangu waasi warudi na benki zifungwe, unakuja siku unayotaka wenyewe. Jumamosi mchana naenda kwenye hoteli moja karibu na ziwa, wanakochezea wafanyabiashara. Nilianza kwa kutazama tu, nikaja nikavuta kiti. Waliniona mwalimu mpole, mpaka walipoanza kurudi nyumbani mifuko mitupu. Papa Séraphin, yule muuza simenti wa Birere, juzi akaniita pembeni.

"Madame, sura yako ni ukuta. Wacha shule. Tuende Kampala, kule watu wanaishi na karata. Miye nitakulipia nafasi mezani, tutagawa faida."

Alitaka jibu kabla ya Jumatatu, siku shule inapofunguliwa baada ya likizo. Sitakudanganya, Mama, nilitamani. Nyumba yetu ya mbao inavuja, na Jumamosi moja nzuri inanipa zaidi kuliko shule inavyonipa kwa miezi. Halafu kuna ile raha. Mwanaume mwenye malori yake anakuchungulia usoni, anatafuta weee, hakuti kitu, anatupa karata nzuri kuliko zako! Hata wewe ungecheka, ila kwa ndani.

Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nguo gani nitafungasha. Siku hiyo mjukuu wako akaja mbio na jino mkononi, jino lake la kwanza kung'oka, akalinyoosha mbele yangu. Nilifurahi kweli. Yeye akanitazama muda mrefu, kisha akauliza polepole: "Mama, ni mubaya?"

Nilikuwa na furaha, Mama. Uso ndio haukupata habari.

Hapo nikaikumbuka siku tuliporudi kutoka Gisenyi, tulikokimbilia, baada ya volkano. Mawe ya Birere bado yalikuwa na moto, tuliusikia kupitia kandambili. Kibanda kilikuwa chini ya mawe hayo, na cherahani ndani yake. Nikakuangalia usoni nijue la kufanya, kama ulivyonifundisha. Ukakaa juu ya jiwe ukalia kwa sauti, kinywa wazi, mbele ya kila mtu. Niliona aibu, nikakuvuta kitenge.

"Mama, batu banakuona."

"Baone! Askari njo unamufichia sura. Sasa volkano, utaificha nini?"

Ukapenga kamasi, ukaanza kucheka katikati ya machozi, ukanivuta magotini. "Soma, mutoto yangu. Soma, upate kazi yenye sura yako inaweza kupumuzika."

Kumbe uso wa Kibumba ulikuwa wa kuvukia tu. Nyumbani ulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta wa mbao, na hasira yako tuliiona tangu mlangoni. Kazi uliyoniombea ninayo. Nikiwafundisha watoto herufi a, napanua kinywa mpaka mashavu yanauma, na mtoto akisoma anajua kwa macho yangu kama amepata, kabla sijamwambia. Nikichoka wanajua. Hakuna hata mmoja anayenichungulia ili aninyang'anye kitu. Nakushukuru kwa hilo kuliko yote.

Nimemwambia Papa Séraphin hapana. Alinikazia macho, akitafuta kama najifanya tu ili aniongezee fungu. Safari hii nikamwachia aone. "Kumbe uko unasema kweli," akasema, akatikisa kichwa. Kuhusu Jumamosi usiniapishe bado, bati lingali linavuja.

Jana nilikuwa nachambua maharage uani, yametoka Kalengera. Mjukuu wako akasimama mbele yangu na pengo lake, akanisoma usoni.

"Mama, uko na furaha," akasema.

Sikuwa nimefungua kinywa.

Upumzike huko uliko, Mama, uso na mikono.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
niliyekalia cherahani